Nani Ana Haki ya Kupumzika?



Kila mwaka, shule zinapofungwa mwanzoni mwa Julai na baridi ya kiangazi inapoingia Lubumbashi, mazungumzo ya vikundi vyetu hubadilika. Simu hupita kutoka mkono hadi mkono. Mwimbaji fulani yuko Dubai, amelala kando ya bwawa la kuogelea lililojengwa juu ya ghorofa. Mtoto wa mkubwa fulani yuko Ulaya, na mifuko ya madukani inakaribia kumpita kimo. Tajiri wa nchi ya mbali amekodi kisiwa kizima kwa juma moja. Picha hizo hutazamwa kwa kicheko, kwa sifa, na mara nyingine kwa kimya kinachotutia wasiwasi kuliko kicheko. Mwaka huu, baada ya katekesi, kijana mmoja wa mwaka wa sita wa sekondari alituuliza mbele ya wenzake: “Katekista, kupumzika namna hiyo ni dhambi, au ni sisi tu tuna wivu?”

Tulimjibu upesi, na tulimjibu vibaya. Tulisema kwamba anasa ni chukizo, tukamtaja yule tajiri aliyemwacha Lazaro mlangoni, tukafunga daftari. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa likiturudia, kwa sababu lilikuwa na pande mbili nasi tulijibu upande mmoja. Tunaandika ukurasa huu ili tujaribu tena, na pia kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye, ambalo tutalisimulia bila kujificha.

Tuanze na mapumziko yenyewe. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuanza na kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari, nanyi mnaijua amri ya kuitakasa siku ya Bwana tangu komunyo ya kwanza. Lakini wengi wetu tuliikariri kama amri ya kwenda Misa tu. Isomeni tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano. Pale Mungu hamwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Anamtaja mwana na binti, anamtaja mtumwa na mjakazi, anamtaja ng'ombe na punda, anamtaja hata mgeni anayekaa ndani ya malango ya mji. Tena anatoa sababu: Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa huko Misri, wakajua maana ya kufanya kazi bila siku ya kuvuta pumzi. Sheria ile ya kale haikuyahesabu mapumziko ya bwana kuwa kamili ikiwa mjakazi wake alikuwa bado jikoni. Tunawaomba mliweke neno hilo moyoni, maana hoja yetu yote inasimama juu yake.

Yezu naye aliwaona mitume wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, akawachukua kwa mashua kwenda mahali pasipo watu ili wapumzike. Mtakatifu Marko anasimulia kwamba umati uliwatangulia kwa miguu, na yale mapumziko yakageuka kuwa kazi ya kuwalisha maelfu. Wala Injili haisemi kwamba mitume walifurahi. Wao walitaka watu waagwe waende zao. Hata watakatifu, basi, walikuwa na hamu ya siku ya kukaa kimya kando ya ziwa.

Kanisa halikuacha jambo hili kwa matajiri. Mwaka 1891, Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, aliwadai wenye viwanda wawape wafanyakazi mapumziko ya Jumapili. Aliwataja kwa namna ya pekee wachimbaji wa migodi, akisema kwamba kazi yao nzito iwafupishie saa za kazi. Sisi wana wa Katanga tungepaswa kuujua waraka huo kwa moyo. Mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, aliitaja likizo ya mwaka miongoni mwa haki za mfanyakazi. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikuwa limekwisha kusema vivyo hivyo katika kifungu chake cha 24. Na mapapa wenyewe hupumzika, kila mmoja kwa namna yake. Yohane Paulo II alipenda milima ya Aosta. Papa Fransisko alibaki Vatikano wakati wa joto, na mwaka 2016 kasri la kipapa la Castel Gandolfo likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Papa Leo XIV, mwezi Julai 2025, alirudi Castel Gandolfo kwa majuma mawili hivi. Hatujasikia kwamba mmoja wao alitenda dhambi kwa kupumzika au kwa kutopumzika.

Kwa hiyo upande wa kwanza wa swali una jibu: kupumzika si dhambi, na anayetamani kupumzika hana wivu. Ana mwili.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Dunia yetu imefanya nini na hitaji hili ambalo Mungu alimpa kila mtu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba katika mwaka 2018, watu waliopanda ndege walikuwa takriban asilimia 11 ya wanadamu wote, yaani mtu mmoja kati ya tisa, na kwamba asilimia moja tu ya wanadamu ndiyo iliyosababisha nusu ya moshi wa ndege za abiria. Ripoti ya Ukosefu wa Usawa Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 10 ya watu walio matajiri zaidi wanashika takriban asilimia 76 ya mali ya dunia, huku nusu ya wanadamu walio maskini wakigawana asilimia 2. Upande wetu, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo 73 na zaidi katika kila 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Pembeni mwa nchi yetu, mgeni anayetaka kukaa saa moja na sokwe wa milimani nchini Rwanda hulipa dola 1,500 za kibali tangu mwaka 2017, kabla ya hoteli, kabla ya ndege. Gawanyeni wenyewe: 1,500 kwa 2.15. Ni siku karibu mia saba za maisha ya mtu, chakula chake na mavazi na dawa, kwa saa moja msituni.

Hapo kijana mwerevu atainuka, kama mmoja wenu alivyoinuka, na kusema: fedha ni zake, na tena zinalisha watu. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, nasi hatutaki kuipuuza. Rwanda hutenga sehemu ya kumi ya mapato ya mbuga zake kwa ajili ya vijiji vinavyozizunguka. Katika mbuga yetu ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925, walinzi zaidi ya mia mbili wamekufa wakiwalinda wanyama na misitu. Mahali ambapo wageni hawafiki kabisa, familia za walinzi hao hazinufaiki kwa lolote. Mtalii anayelipa vizuri, anayemsalimu mpishi na kumwachia chochote, anafanya jema kuliko tajiri anayelalia dhahabu yake. Tusihubiri kana kwamba fedha inayotumiwa inapotea hewani.

Lakini angalieni ni nani asiyeonekana katika picha. Bwawa la Dubai linalowapendeza lilichimbwa na watu. Katika Falme za Kiarabu takriban wakazi tisa kati ya kumi ni wageni waliokwenda kutafuta kazi, na joto la huko ni kali hata sheria inakataza kazi za juani saa za adhuhuri kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Miezi hiyo ndiyo miezi ya picha zenu. Yule anayepiga picha amejaa katika kioo cha simu. Yule aliyebeba tofali hayumo. Na simu yenyewe ina kobalti katika betri yake, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka hapa kwetu, Lualaba na Katanga ya Juu. Mnajua wenyewe, kwa kuwa mna kaka na wajomba huko, kwamba mchimbaji wa mikono hana Jumapili. Halipwi kwa siku. Hulipwa kwa gunia. Asiyeshuka shimoni leo, leo hiyo hiyo bukari haipikwi.

Tuseme kidogo juu ya baba zetu, maana ninyi mnadhani mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo.

Baba yetu alikuwa fundi wa karakana ya Gécamines huko Likasi. Hakuwa mkubwa wa kazi. Tulikaa kambini, nyumba ya vyumba viwili, watoto saba. Lakini kila mwaka alipata konje yake, iliyoandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, na mshahara haukukatika. Mwaka mmoja, tukiwa na umri wa miaka kumi hivi, alitupeleka kwa babu upande wa Kamina kwa gari-moshi. Tulisafiri usiku na mchana. Huko Bukama, tulipouvuka mto Lualaba, mama alinunua samaki wa kukaushwa dirishani, na harufu yake ilitusindikiza mpaka mwisho wa safari, wala hakuna aliyelalamika. Kijijini baba alilala. Hilo ndilo tunalolikumbuka zaidi: tulimwona baba amelala mchana, chini ya mwembe, kofia usoni, na tulishangaa kama watoto walioona maajabu. Hatukuwahi kujua kwamba uso wake ungeweza kutulia hivyo. Ile ilikuwa likizo. Haikuwa na bwawa, na hakuna aliyeipiga picha.

Hatusemi kwamba kampuni ile ilikuwa paradiso. Wakubwa walikuwa na mitaa yao yenye miti na vilabu ambavyo sisi tuliviona kwa nje ya ua; kambi ilikuwa kambi. Lakini mapumziko ya fundi yalikuwa haki yake, hayakutegemea huruma ya mtu. Na hapa ndipo hesabu inapotuumiza. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari; jirani zetu walioondoka “kwa hiari” hiyo wengi wao walizeekea kwenye madeni. Baadaye zilikuja kampuni za nje, na leo nchi yetu ni ya pili duniani kwa shaba. Mwaka 2024 ilitoa tani zaidi ya milioni tatu. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya shaba ya wakati wa baba. Basi tunauliza: kama shaba imekuwa mara sita, kwa nini usingizi wa chini ya mwembe umetoweka? Nani anaulala sasa, na wapi?

Hili si fumbo la uchumi peke yake. Tumekwisha kuona, kwa macho yetu, likizo za mtu mmoja zikila Jumapili za taifa. Huko Gbadolite, Rais Mobutu alijenga majumba ya marumaru katikati ya msitu, pamoja na uwanja wa ndege ambao njia yake iliweza kuipokea Concorde, ile ndege aliyokuwa akiikodi kwa safari zake. Kusini mwa Ufaransa, huko Roquebrune-Cap-Martin, alikuwa na jumba la kupumzikia kando ya bahari. Sisi wakati huo tulikuwa tumetoka shule ya ualimu na vyeti vyetu mkononi. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000, na mshahara wa mwalimu, ulipofika, haukununua hata chaki. Wazazi ndio walioanza kutulipa, kidogo kidogo, mfuko wa unga hapa, faranga pale, na mzigo huo wakaubeba kwa zaidi ya robo ya karne, hadi elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwezi Septemba 2019. Hatujasahau mtoto mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, akarudi baada ya miezi miwili na mikono yenye malengelenge ya kuponda mawe. Tulimfundisha. Hatukumwuliza.

Kwa hiyo tunapotazama likizo ya anasa, bei peke yake haitoshi kutuongoza. Kuna mtu anayetumia nyingi bila kumnyang'anya yeyote, na kuna mwingine anayetumia kidogo kwa jasho la mtu aliyenyimwa haki. Sisi tunapenda kuuliza maswali mawili. La kwanza: fedha hiyo imetoka wapi? Ikiwa ni fedha ya umma, ikiwa ni dawa za hospitali au mishahara ya walimu iliyogeuzwa tiketi za ndege, basi hakuna haja ya kubishana. Huo ni wizi uliovaa miwani ya jua. Mnakumbuka tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Mashahidi huko Kinshasa, Papa Fransisko alivyowafanya vijana maelfu kwa maelfu waikatae rushwa kwa sauti moja. La pili: ni nani aliyebaki kazini ili huyu apumzike, na je, yeye naye ana siku yake? Swali hili la pili ndilo la Kumbukumbu la Torati, na ndilo ambalo hatulipendi, kwa sababu halisimami mbele ya mlango wa tajiri tu.

Sasa tufike kwenye jambo tulilosema hatutalificha.

Kamati ya vijana wa parokia yetu ilitaka mwaka huu matembezi ya kufunga mwaka wa shule. Walichagua mahali pa kupumzikia nje ya mji, penye ziwa dogo na bwawa la kuogelea, kuku wa kuchoma na muziki. Mchango ulikuwa dola 25 kwa kila mmoja. Sisi, kama walezi, tulitia sahihi. Hatukufikiri. Tulikumbuka ujana wetu, tukaona kwamba vijana wanastahili furaha, na hilo ni kweli. Hatukupiga hesabu kwamba kwa Wakongo walio wengi dola 25 ni zaidi ya siku 11 za maisha.

Kikundi kina vijana arobaini na watatu. Waliolipa walikuwa kumi na saba. Wengine waliacha kuja kwenye mikutano, kimya kimya, mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake: huyu anaumwa kichwa, huyu anamsaidia shangazi sokoni. Tulidhani wamechoka na mitihani. Mwalimu wa miaka zaidi ya thelathini hakutambua darasa linalopungua kwa sababu ya aibu, na yeye mwenyewe aliwahi kuliona hilo mara mia.

Kisha binti mmoja alitujia baada ya Misa ya kwanza. Ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi za ndani mtaa wa juu, na huimba sauti ya pili kuliko wote. Tulidhani anakuja kuomba kupunguziwa mchango, na tulikuwa tumekwisha kutayarisha jibu la huruma. Alisema: “Papa katekista, fedha ninayo, nimeweka. Sina siku.” Tukamwuliza ana maana gani. Akaeleza kwamba huruhusiwa kuja Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa mbili awe amerudi kuandaa chai ya wageni. Kwamba Jumapili ndiyo siku yenye kazi nyingi kuliko zote, maana wenyeji wanapumzika na ndugu wanakuja kula. Kwamba tangu aanze kazi hiyo, miaka miwili iliyopita, hajapata siku moja nzima isipokuwa siku ya kilio cha mama yake mdogo. Mwajiri wake ni mama wa parokia yetu, mtu wa sala, ambaye hutoa sadaka kwa mkono mkunjufu. Hatumtaji, na tunawaomba msimtafute.

Tulitaka kukasirika. Tulikwenda nyumbani tukiwa na hasira nzuri, ile inayomfanya mtu ajione nabii Amosi. Mezani tuliikuta sombe imeandaliwa, maji ya kunawa yako tayari, na yule binti wa ndugu yetu, anayekaa kwetu tangu alipomaliza shule ya msingi na ambaye “anatusaidia,” alikuwa amesimama mlangoni akingoja kama kuna kinachokosekana. Tukamwuliza mama watoto: “Huyu hupumzika siku gani?” Mama watoto alitutazama kwa muda mrefu, akauliza: “Na wewe, uliwahi kumpa siku gani?”

Hasira ile iliishia hapo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Sisi tuliokula kwa mshahara usiolipwa tulidhani methali hiyo inawahusu wengine.

Kuna watakaosema kwamba tumelichanganya jambo kubwa na jambo dogo, ndege za matajiri na vyombo vya jikoni kwetu. Vipimo vyake havilingani, tunakubali. Mama wa parokia hakuiba shaba ya nchi, na kumpa mtumishi wake Jumapili hakutajenga hospitali hata moja. Wanaotumia mali ya umma kwa starehe zao lazima waulizwe, kwa sheria na kwa kura, na uovu wao usifunikwe kwa udogo wa makosa yetu. Hilo tunalisema kwa nguvu, maana kuna mahubiri yanayowaambia maskini watubu ili wakubwa walale vizuri. Lakini tunadhani pia kwamba kijana anayekua akiona ni kawaida mwenzake asimame mlangoni huku yeye anakula, ndiye atakayeona ni kawaida, akipewa cheo, kwamba walimu wa mkoa mzima wakose mshahara huku yeye yuko ufukweni. Hajifunzi hayo ofisini. Anajifunza mezani kwetu, siku ya Jumapili, baada ya Misa.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 mkataba wa 189 juu ya wafanyakazi wa majumbani. Unasema wapate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma. Tumeusoma kifungu hicho katika mkutano wa walezi, na kulikuwa na kimya. Mzee mmoja alisema kwamba yule wa kwake ni kama mtoto wa nyumbani. Tulimjibu kwamba wetu pia ni kama mtoto wa nyumbani, lakini watoto wetu tuliowazaa walikuwa wakitazama televisheni wakati yeye akiosha masufuria.

Basi kamati imekutana tena. Hatukuwaamuru; walibishana wenyewe kwa saa mbili, na baadhi ya wale kumi na saba walikasirika, kwa haki, maana waliweka fedha yao kwa taabu na hawakumdhulumu mtu. Mmoja alisema kwamba umaskini wa wengine umekuwa kisu cha kukatia furaha ya kila mtu. Hatukuwa na jibu zuri kwake, na bado hatuna lote. Mwishoni walikubaliana hivi. Waliolipa watarudishiwa fedha yao. Matembezi yatakuwa kwa miguu hadi misheni ya Wasalesiani huko Kafubu, kila mmoja abebe alichonacho, na chakula kiwekwe pamoja kabla ya kufunguliwa, ili isijulikane nani ameleta nini. Mpira utakuwepo, na spika ya muziki pia, kwa sababu wameshikilia hilo na sisi hatukuona sababu ya kukataa. Mwaka ujao, wakitaka bwawa, wataanza kuchanga mwezi Oktoba kwa mfuko mmoja wa wote.

Halafu waliongeza jambo ambalo hatukulitazamia. Waliwahesabu wenzao wanaofanya kazi za ndani na wakapata tisa. Waliandika barua fupi, yenye adabu, kwa kila mwajiri, kuomba siku hiyo moja nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa kila barua waliambatanisha majina ya vijana wawili waliojitolea kwenda kufanya kazi za nyumba hiyo siku ya kuitangulia, kufua na kuteka maji, ili mwenye nyumba asiseme kazi italala. Wavulana watatu wamejiandikisha. Mama zao wanangoja kuona.

Hadi tunapoandika, waajiri sita wamekubali, na mmoja wao amesema kwamba siku hiyo itakuwa ya kila mwezi. Wawili wamekataa. Yule mama wa sauti ya pili bado hajajibu. Barua ilipokelewa na binti mwenyewe, akaiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo itaonekana. Yule wa kwetu hakuandikiwa barua. Tulimwambia kwa mdomo, usiku wa Jumatano, kwamba Jumapili ni yake. Aliuliza afanye nini siku hiyo. Tulisema, lolote. Jumapili iliyofuata alirudi kutoka Misa, akavua viatu, akalala mpaka saa tisa alasiri, nasi tuliosha vyombo.